Bomba la Nyumba Namba Sita

Nyumba za Kiwanda cha Pamba,
Shinyanga.
6 Septemba 1953

Baba Klara,

Sisi wazima. Klara ameota meno mawili ya mbele na anajua kuandika jina lake, ila herufi R anaigeuza ikatazama nyuma. Kwa upande wa salamu hayo yatoshe. Tangu Krismasi hujaandika nami sijaandika, na sitaki tuanze leo kujifanya.

Nakuandikia kwa sababu ya bomba.

Bomba letu la uani linavuja. Mwezi wa sita lilikuwa tone moja moja, sasa ni uzi wa maji usiokatika. Mvua za mwaka huu zimetukataa kabisa, bwawa la kiwanda limebaki tope, na tangi halijai tena. Wanawake wa safu yetu wanapita na ndoo zao, wanautazama ule uzi wa maji, kisha wananitazama mimi.

Nimekwenda mara nne kwa Theonest, yule yule msimamizi wa nyumba unayemjua. Mara ya kwanza alisema fundi atakuja. Mara ya pili alisema fundi amekwisha kuja. Nikamwuliza, "Amekuja lini? Mimi tangu asubuhi nimekaa uani nachambua mchele." Akafungua kitabu chake, akagonga mstari kwa kidole. "Kitabu kinasema amekuja." Mara ya tatu alinikuta mlangoni akapita kama hakuniona. Mara ya nne, mbele ya vibarua waliokuwa wakisubiri kazi, akasema kwa sauti, "Mama Klara, bomba la nyumba yako lina mambo yake. Muulize mumeo." Watu wakacheka. Watu ambao wake zao nimewazalisha kwa mikono hii, na watoto wao nimewatia maji ya kwanza mdomoni!

Na sasa amebandika tangazo kwenye mlango wa stoo. Mpangaji atakayegusa bomba kwa mkono wake atatolewa nyumbani. Na mpangaji ambaye bomba lake litaendelea kuvuja hadi katikati ya mwezi wa kumi atakatiwa maji. Hebu niambie, hapo mtu asimame wapi?

Sikuombi urudi. Naomba uniandikie namna ya kulifungua bomba na kulitengeneza. Nimekata vitovu vya watoto zaidi ya mia mbili. Siamini kwamba nati itanishinda.

Anisia

*

Mgodini, Geita.
17 Septemba 1953

Mama Klara,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali ulipouliza kama mimi ni mzima. Sikupaona.

Umesahau, au unajifanya umesahau? Mwaka jana mwezi wa tatu mimi ndiye niliyekuwa fundi bomba wa nyumba hizo. Theonest alisimama ofisini mbele ya Meneja akasema, "Mabomba mapya manane yalifungwa katika nyumba nane. Nimeyaona kwa macho yangu yanang'aa ukutani. Kisha Gelasius akayafungua kwa siri, akayauza, akarudisha yale makuukuu." Akatia saini. Mimi nikasema sijapewa bomba jipya hata moja, na hayo yaliyo ukutani hayajawahi kufunguliwa tangu nyumba zijengwe mwaka arobaini na saba. Karani Ignas akaandika maneno yangu. Hakuna mtu aliyeinuka kwenye kiti kwenda kutazama. Hatua sitini tu kutoka ofisini!

Nikaja nyumbani, nikakueleza wewe maneno yale yale. Unakumbuka ulichojibu? Ulisema, "Kula, chakula kinapoa."

Hukusema unaamini. Hukusema huamini. Ungenitukana ningejua pa kusimama. Nilikaa wiki tatu nikisubiri useme neno moja, mwisho nikafunga mzigo nikaja huku.

Leo unataka mwizi akufundishe bomba. Waambie walionifukuza wakutengenezee.

Mwambie Klara R inatazama mbele.

Gelasius

*

Mgodini, Geita.
19 Septemba 1953

Mama Klara,

Juzi nilikuandikia nikiwa na hasira. Hasira bado ninayo, lakini mtoto hawezi kukatiwa maji kwa ajili ya hasira yangu.

Gregory, dereva wa lori la mchele, atapita Ushirombo na Kahama hadi huko. Nimempa furushi. Ndani kuna spana mbili na vipande vitatu vya ngozi vya mviringo. Mafundi wanakiita kipande hicho wosha. Nimevikata mwenyewe kutoka mkanda wa mashine uliotupwa.

Fanya hivi. Kwanza funga koki kubwa iliyo chini ya bati mbele ya nyumba. Kisha fungua bomba mpaka maji yaliyobaki yaishe, usije ukalowa kama kifaranga. Spana kubwa ishike tumbo la bomba kwa mkono wa kushoto, lisizunguke likavunja ukuta. Spana ndogo itie kwenye nati ya juu, chini ya mpini. Kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Itakuwa ngumu. Usiigonge. Tia mafuta ya taa kidogo, subiri, jaribu tena.

Ikilegea, utavuta juu kitu kama msumari mnene wenye kofia chini. Kwenye kofia hiyo ndipo ngozi inapokaa. Utaikuta imekwisha, imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Hiyo ndiyo inayovujisha maji. Watu wengi bomba likivuja wanakaza mpini kwa nguvu zote, na hivyo ndivyo wanavyoimaliza ngozi. Weka mpya. Kabla ya kurudisha, ingiza kidole ndani upapase mdomo ambao ngozi inaukalia. Ukiwa laini, vyema. Ukiwa na pengo, niandikie.

Halafu ukikaza nati ya juu, kaza ya kutosha tu. Wewe unajua namna ya kufunga kitovu. Ni mkono ule ule.

Gelasius

*

Kwa Anisia, Mkunga,
Nyumba Namba Sita.
28 Septemba 1953

ONYO LA MWISHO

Imeonekana kwamba bomba la nyumba yako linaendelea kupoteza maji ya Kiwanda wakati wa shida ya maji. Vitabu vya ofisi vinaonyesha fundi amefika kwako mara tatu. Kwa hiyo uharibifu huu unafanywa na wenye nyumba.

Usipokoma, tarehe 15 Oktoba maji ya Nyumba Namba Sita yatakatwa. Ukigusa bomba mwenyewe utahesabiwa umeharibu mali ya Kiwanda, na nyumba itapewa mwingine. Kiwanda kilikuonea huruma kukuacha ukae baada ya jambo la mumeo. Usiichezee huruma hiyo.

Theonest,
Msimamizi wa Nyumba

*

Shinyanga.
4 Oktoba 1953

Baba Klara,

Bomba limepona. Hilo nimelitanguliza ili ulijue kabla ya mengine, maana mengine ni mazito.

Furushi lilifika Alhamisi pamoja na barua zako mbili, ya hasira na ya ngozi. Jana Jumamosi Theonest alikwenda Kahama. Mara gari lilipopinda kwenye ghala la pamba nilifunga koki kubwa. Mwanaima wa namba tano, mke wa mpima pamba, alichungulia juu ya ua wa mabua. Yeye ndiye aliyenisema zaidi ya wote kwa ajili ya maji. Nikadhani atapiga kelele. Akasema, "Unafungua?" Nikasema nafungua. Akaruka ua na kanga yake mdomoni. "Basi nipe hiyo spana kubwa. Kwetu Ujiji mimi ndiye nilikuwa naziba mtumbwi wa baba."

Nati ilikataa. Tukatia mafuta ya taa, tukasubiri. Ilikataa tena. Mwanaima akailaani kwa Kiha na Kiswahili. Mara ya tatu ikalia kama mlango, ikalegea. Ngozi ya ndani haikuwa hata ganda la kitunguu, ilikuwa uji mweusi. Fundi wa vitabuni hajawahi kuigusa. Mdomo ni laini. Nikaweka yako mpya, nikarudisha, nikakaza kwa mkono wa kitovu kama ulivyosema. Tulipofungua koki kubwa tulikaa tumechutama sote wawili, tunalitazama bomba kama tunasubiri mtoto alie. Halikutoa hata tone.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Wakati Mwanaima ameshika tumbo la bomba, nilimwambia aangalie lisizunguke. Akajibu, "Lizunguke wapi, Mama Klara? Hili limezikwa." Nikainama. Shingo ya bomba, pale linapoingia ukutani, imefunikwa saruji ya mwashi pande zote, na juu ya saruji kuna chokaa. Unajua nyumba hizi zinapakwa chokaa kila mwaka kabla ya msimu wa pamba. Nikachukua kisu, nikakwangua kidogo ubavuni. Chokaa ya mwaka huu, ya mwaka jana, ya mwaka juzi. Kisha kisu kikatoa unga mwekundu.

Baba Klara, unaukumbuka mwaka wa hamsini? Chokaa iliadimika, wakaichanganya na udongo mwekundu, na nyumba zote nane zikaonekana kama zimechubuka. Tulizicheka mwaka mzima. Chokaa ile nyekundu ipo kwenye shingo ya bomba letu. Inatoka ukutani, inapanda juu ya saruji, inafika kwenye shaba, haina ufa hata wa kupitisha unywele. Chini yake zipo nyeupe za miaka ya nyuma, na chini kabisa ndiyo saruji.

Bomba hili halijatoka ukutani tangu lilipowekwa. Hakuna jipya lililofungwa hapa mwaka wa hamsini na mbili, kwa hiyo hakuna jipya lililofunguliwa hapa. Theonest aliapa ameliona linang'aa. Aliona nini?

Tukaenda namba tano, tukakwangua. Nyekundu. Namba saba, nyekundu. Namba moja mpaka nane, Mwanaima akiomba ruhusa na mimi nikishika kisu. Zote nyekundu.

Nilirudi uani nikakaa chini. Mwaka na nusu nimekinga maji pale kila siku. Nimeinama mbele ya shingo ile asubuhi na jioni, nimemwogesha mtoto pale. Uliniambia mabomba hayajafunguliwa, na bomba lilikuwa hatua nne kutoka kwenye jiko langu, na sikwenda kutazama. Ninawachukia wale waliokaa kwenye viti vyao. Lakini na mimi nilikuwa nimekaa.

Meneja yuko Mwanza, anarudi Jumatatu ya tarehe kumi na mbili. Nitakwenda kwake.

Anisia

*

Mgodini, Geita.
15 Oktoba 1953

Mama Klara,

Usiende. Nakuomba usiende. Changanya chokaa upake pale mlipokwangua, na umwombe Mwanaima afunge mdomo.

Umefikiri watakushukuru? Theonest ana kitabu, ana saini, na ana miaka kumi na minne na kiwanda. Wewe una kisu cha jikoni. Watasema umeharibu nyumba nane. Utafukuzwa kazi na nyumba, halafu utakwenda wapi na mtoto? Huku kwangu?

Basi nikuambie huku kwangu kukoje, maana nimekudanganya. Krismasi niliandika kwamba mimi ni fundi wa pampu hapa mgodini. Si kweli. Nilipofika walitaka barua ya sifa kutoka kazi yangu ya mwisho. Nilikuwa na barua inayosema nimeachishwa kwa wizi. Mzungu wa karakana aliisoma, akairudisha kwa ncha za vidole kama imelowa. Nasukuma magari ya mawe chini ya ardhi. Mimi niliyefunga mabomba ya mji mzima nasukuma mawe nyuma ya watu wasiojua spana ni nini, na mmoja wao ndiye msimamizi wangu. Ule mkanda wa mashine niliokukatia ngozi niliuokota jalalani, nikiangalia nyuma nisije nikaitwa mwizi tena.

Na wewe unaandika umekaa chini uani kwa uchungu. Umefanya vyema kukaa. Mimi nilikuwa mumeo miaka minane. Mwaka na nusu hukuniamini, umeamini chokaa kwa dakika moja. Ningejua ningejipaka nyekundu.

Usiende kwa Meneja. Bomba limepona, kaa unywe maji.

Gelasius

*

Shinyanga.
24 Oktoba 1953

Baba Klara,

Barua yako ilinikuta nimekwisha kwenda. Na hata ingeniwahi ningekwenda.

Uliyoniandikia juu ya magari ya mawe nimeyasoma peke yangu, kisha nimeyasoma tena. Acha nikueleze yaliyotokea.

Jumatatu nilisimama mlangoni kwa Meneja hata akachoka kuniona. Theonest alikuwemo ndani. Akadakia, "Bwana, huyu ndiye anayeharibu mabomba." Nikasema, "Bwana Meneja, sikuja kujibu, nimekuja kukuomba hatua sitini. Njoo utazame bomba." Akatazama saa yake. Akatazama jua la nje. Nikamwambia, "Mwaka jana mtu alikuomba hatua hizo hizo hukutoka." Sijui nilipata wapi ujasiri huo, nafikiri hasira ndiyo iliyosema. Akachukua kofia.

Safu nzima ilikuwa imetoka. Mwanaima alikuwa amemleta Mzee Bujiku, mwashi aliyezijenga nyumba hizi, amemtoa shambani kwake na jembe begani. Mzee akapiga magoti mbele ya bomba letu, akapuliza unga, akaweka kidole gumba kwenye saruji. Pale palikuwa na shimo la kidole. Kikaingia sawasawa. Akaniambia, "Ng'wanike, binti yangu, hiki ni kidole changu. Nilishindilia hapa mwenyewe." Kisha akamgeukia Meneja. "Bomba hili ukitaka kulitoa ni lazima uuvunje mkono wangu kwanza. Haujavunjwa."

Meneja akauliza, "Na nyekundu hii?" Watu kumi wakajibu pamoja, "Mwaka wa hamsini!"

Akamwita Theonest kwa kidole. "Uliandika umeyaona mapya yamefungwa." Theonest akasema labda karani alikosea mwezi. Karani Ignas naye alikuwa hapo, na tangu siku ile ya kesi yako alikuwa hajafungua mdomo. Akasema polepole, "Mimi niliandika ulichosema. Na Gelasius naye niliandika alichosema. Vyote viko kwenye jalada." Theonest akasema labda yalifungwa nyumba nyingine. Meneja akauliza, nyumba zipi? Akasema atatafuta kwenye kitabu.

Mabomba mapya manane yalikwenda wapi, hata leo hakuna aliyesema. Meneja alirudi ofisini. Baada ya siku tano tukasikia Theonest amehamishiwa kituo cha kununulia pamba cha mbali, na cheo chake. Amepewa na gari la kumbebea vitanda! Wewe uliondoka kwa miguu mpaka stendi na mzigo kichwani.

Nyumba sijanyang'anywa. Namba mbili na namba nane nao wanavuja, wamekuja kuniomba spana.

Anisia

*

Ofisi ya Kiwanda cha Pamba,
Shinyanga.
9 Novemba 1953

Kwa Gelasius, aliyekuwa Fundi Bomba,
Mgodini, Geita.

Kutokana na maombi ya mkeo, ambaye ni mtumishi mwema wa zahanati yetu, na baada ya kulitazama upya jambo la Machi 1952, Kiwanda kimeamua kukusamehe. Unaruhusiwa kurudi katika kazi yako kuanzia tarehe 1 Januari 1954, kwa majaribio ya miezi sita. Kiwanda kinatumaini utaitumia nafasi hii kuonyesha tabia njema.

Meneja

*

Mgodini, Geita.
18 Novemba 1953

Mama Klara,

Nimepata barua ya Meneja. Nakuwekea humu uisome.

Nilipoifungua nilicheka, mtu wa kitanda cha pili akaniuliza kama nimefiwa. Kusamehewa! Kwa majaribio! Nilitoka nje nikatembea mpaka kwenye vilima vya mchanga wa mgodi, nikarudi, nikaisoma tena, bado imeandikwa vile vile.

Lakini nimechoka, Mama Klara. Wiki iliyopita gari la mawe liliruka reli likambana mwenzangu mguu. Nilimshika mpaka wakaja. Nikafikiri, nikifa humu nitakufa mwizi. Afadhali nije nife fundi aliyesamehewa. Neno ni neno tu. Nitakula nalo, nitalala nalo, litazoeleka. Nataka kumwona Klara akiandika.

Nitajibu kwamba nimekubali na ninashukuru. Naandika kesho.

Gelasius

*

Shinyanga.
27 Novemba 1953

Baba Klara,

Kama umekwisha kuandika kwamba unashukuru, barua yako itakuta mambo yamegeuka. Kama hujaandika, vunja kalamu.

Nilipoisoma barua yao niliwaka moto. Nilimwachia Mwanaima mtoto, nikaenda ofisini kama nilivyo, na aproni ya zahanati. Nikaiweka barua mezani. "Bwana Meneja, mume wangu amesamehewa kosa gani?"

Akasema, "Mama, mumeo anarudi kazini. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua kosa."

"Ni maneno ya ofisi tu. Neno moja lisikusumbue."

Nilikuwa nimekuja na daftari langu la wazazi. Nikalifungua mbele yake. Nikamwambia, "Humu ninaandika mtoto hai na mtoto mfu. Kesho mke wako akijifungua, mtoto analia, nami nikaandika mfu, uje uniulize nikujibu neno moja lisikusumbue?"

Karani Ignas, aliyekuwa akipiga taipu pembeni, akageuka kututazama. Meneja akawa mwekundu kuliko ile chokaa. Akaniambia nina mdomo. Nikamwambia ninao, nilikuwa sijautumia tu. Kisha nikatoa funguo za zahanati nikaziweka juu ya barua yake. Sikuwa nimepanga kufanya hivyo. Wanawake wawili wa safu yetu wako kwenye siku za mwisho za mimba zao, na nyumba ninayolala ni ya zile funguo. Lakini nilisema, "Mimi siwezi kufanya kazi mahali ambapo mtu asiyeiba anasamehewa wizi, na aliyeapa uongo anapewa gari. Andika kwamba Gelasius hakuiba. Na isomwe mbele ya watu, kwa sababu aliitwa mwizi mbele ya watu."

Meneja akazitazama funguo. Akasukuma funguo zikarudi kwangu. Akamwambia Ignas, "Andika upya." Ignas akauliza, "Niandike nini, bwana?" Meneja akatazama dirishani akasema, "Kama alivyosema."

Ilisomwa jana asubuhi kwenye mizani, wakulima wakiwa na marobota yao na vibarua wote wapo. Ignas ndiye aliyesoma. Alipofika kwenye "hakuiba mabomba wala kitu kingine chochote cha Kiwanda" alisimama akarudia tangu mwanzo. Wale waliocheka siku ile walikuwepo. Hakuna aliyenitazama machoni. Mmoja alinipelekea kuni nyumbani, nikazirudisha.

Nakala yako yenye mhuri imo humu. Kazi ipo ukitaka, bila majaribio. Na ukiipeleka kwa yule Mzungu wa karakana ukapewa pampu huko huko Geita, hiyo nayo ni haki yako. Sikulazimishi uje. Sikupigania jina lako ili nikulipishe.

Limebaki moja. Theonest hatakuomba radhi, na Meneja amekwisha kuinama kadiri mgongo wake unavyoruhusu. Lakini aliyekukosea zaidi ya hao ni mimi. Wao walikuwa wageni kwako. Mimi nilikuwa nakujua. Nilijua hata namna unavyoficha ugali wa Klara usiliwe na paka, nikajua kwamba mtu wa namna hiyo haibi, na bado nikaogopa kusema, kwa sababu nilifikiri nikisema tutapoteza na nyumba. Nililinda nyumba nikakuacha wewe nje. Nisamehe, Gelasius. Hapa neno hilo limekaa mahali pake.

Anisia

*

Mgodini, Geita.
8 Desemba 1953

Anisia,

Barua ya kushukuru sikuipeleka. Niliiandika mara nne, kila mara nikifika kwenye neno "ninashukuru" mkono unasimama. Barua yako ndiyo iliyonikuta nayo mfukoni. Nimeichana ile ya shukrani.

Ile yenye mhuri nimeipeleka kwa Mzungu wa karakana, si kwa kuomba kazi. Nilitaka tu aishike kwa mkono mzima. Aliishika. Akaniambia kuna nafasi kwenye pampu. Nikamwambia asante, nakwenda kwangu.

Uliloniomba nimelisoma. Sitalijibu kwa barua. Mambo yetu mengi yameharibika kwa sababu mmoja alikaa kimya mbele ya mwenzake, hili nitalisema mbele yako, unione ninapolisema.

Naondoka Jumatatu na lori la Gregory. Nakuonya mapema: hasira yangu haijaisha. Nimeitafutia mahali pa kuiacha huku sikupata. Nakuja nayo. Tutakaa nayo sote mpaka ichoke.

Gelasius